Siku Mbugua Alipozima Simu za Ploti Nzima

Ukitoka Barabara ya Naivasha pale Riruta ukaingia kichochoro cha kinyozi, utaiona ploti ya Mbugua kabla hujamwona Mbugua mwenyewe, kwa sababu ya matangazo. Aliyaandika kwa rangi nyeusi juu ya vipande vya katoni na kuyapigilia misumari getini. Moja lilikataza kuanika nguo za ndani upande wa barabarani. Jingine lilieleza namna ya kufunga mfereji, kana kwamba kuna mtu aliyefika umri wa kupanga nyumba asiyejua kufunga mfereji. Lile kubwa kupita yote lilisema tu: UTARATIBU. Halikueleza ni utaratibu gani. Wapangaji walikuwa wamelizoea, na mgeni aliyeuliza maana yake aliambiwa angoje kidogo, mwenyewe atatoka.

Mbugua alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha sabuni kule Industrial Area mpaka akastaafu, na mwaka huo wa 2009 bado alivaa kalamu mbili mfukoni mwa shati kwenda kununua maziwa. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema, maana nitamcheka sana. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: mtu akiongea naye kwa sauti ya ofisi, Mbugua alinyooka. Askari wa kanjo ya jiji, mkaguzi wa vyoo, hata vijana wa kuuza bima, wote aliwakaribisha chai na kuwajibu mpaka maswali ambayo hawakuwa wameuliza.

Na mwaka ule utaratibu ulikuwa wa kumtosha. Mvua ilikuwa imekataa kunyesha na mabwawa yamekauka, kwa hiyo maji yalikuja kwa zamu, na stima nayo ikaanza kutishia kufuata mkondo huo huo. Nairobi nzima ililalamika isipokuwa yeye. Alijua siku za maji na siku za giza, akaziandika getini, akaridhika na serikali yake.

Kitu kimoja tu kilimshinda kukiwekea utaratibu, nacho ni mdogo wake, Mungai.

Hawakuwa wamezungumza tangu ruracio ya Becky, binti wa kwanza wa Mbugua. Wenye mila hiyo wanajua kwamba siku wakwe wanapoleta mahari, baba wa msichana hasemi. Anakaa kimya kama mtu anayeumwa jino, na mtu wa ukoo anasimama kumsemea, mara nyingi ndugu yake. Mungai alilijua hilo vizuri. Aliuza bawaba na vitasa River Road, mtu wa maneno matamu ambaye angeweza kukuuzia kufuli na wewe huna mlango, na kwa siku ile alijinunulia koti jipya la kijivu. Kumbe Mbugua, bila kumwambia, alikuwa amempa kazi hiyo Mwalimu Tobias wa kanisani, kwa kuwa wakwe walikuwa watu waliosoma na Tobias alikuwa na Kiingereza cha kuhutubia. Mungai alikaa na koti lake mpaka nyama ikaletwa, kisha akasimama, akaondoka bila kuonja. Jioni alipiga simu kuuliza swali moja tu, kama yeye ni ndugu au ni mwalikwa. Mbugua akamwambia hana wakati wa utoto. Halafu, mbele ya mkewe na mabinti wote wawili, akaifuta namba ya Mungai kwenye simu yake, akibonyeza kwa nguvu ili waone.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Sasa Ngina, binti wa pili, alikuwa amechumbiwa, na wakwe walitarajiwa Desemba. Virginia, mkewe Mbugua, hakuwa mtu wa kupayuka. Alisema neno lake mara moja, akimenya viazi.

"Baba Becky, mimi sitapikia hao wageni hata kikombe cha chai kama Mungai hayuko. Mpigie."

"Anipigie yeye. Mimi ndio mkubwa."

"Sawa. Basi Ngina atazeekea hapa hapa, awe anakusaidia kuandika matangazo."

Mbugua alijitia hamnazo, lakini maneno hayo yalimkaa rohoni. Ukweli ni kwamba alimkosa sana ndugu yake. Walikuwa wawili tu waliobaki wa tumbo la mama yao. Kila Jumapili, baada ya kanisa, alikaa kibarazani, kwenye benchi walilokuwa wakikalia wote wawili, akinuna peke yake, akiona aibu kwamba hajui pa kuanzia.

Ikawa asubuhi moja ya Julai, baridi ya kung'ata, simu yake ikalia. Ilikuwa namba asiyoijua. Wakati ule watu walibipu tu, simu inalia mara moja inakatwa, wewe ndiye upige kwa kredo yako. Simu iliyolia mpaka mwisho ilikuwa ya msiba au ya ofisi. Hii ililia mpaka mwisho. Mbugua akasafisha koo.

"Good morning sir. Naongea na Mzee Mbugua wa Riruta?" Ilikuwa sauti ya kijana, laini, na nyuma yake zilisikika sauti nyingine na mlio wa kompyuta ikibonyezwa. "Mimi ni Engineer Ken, upande wa mitambo, kampuni yako ya simu. Pole kwa kukusumbua, mkubwa."

Mbugua alikuwa amekaa. Akasimama.

"Laini yako imeonekana ina shida kidogo," Ken akaendelea. "Tunabadilisha mitambo hapo area yako. Tunaomba tafadhali uzime simu mpaka saa saba. Ukiiwasha kabla, laini inaweza kuungua kabisa."

"Aha," Mbugua akasema. "Kumbe ni zamu. Kama ile ya maji."

Nadhani kijana yule, popote alipokuwa, alimtazama mwenzake na kumshukuru Mungu.

"Exactly, mkubwa. Kama ile ya maji. Sasa kabla hujazima, tutest laini. Nipatie namba ya mtu wako wa karibu. Ya haraka tu, usikate simu."

Hapo ndipo pagumu. Namba zote za Mbugua zilikaa ndani ya simu, na simu ilikuwa sikioni. Ya Virginia hakuwahi kuishika kichwani, alibonyeza tu "Mama Becky" ikaenda. Ya Becky hivyo hivyo. Akafungua mdomo ili aombe nafasi kidogo, na badala yake namba ikatoka, nzima, bila kukwama, kama mtoto anayesema sala ya kulala. Ilipomalizika kutoka ndipo alipotambua ni ya Mungai.

"Asante mkubwa. Na huyo ni nani wako?"

"Ni ndugu yangu."

"Mko karibu?"

"Ni ndugu yangu wa tumbo moja," Mbugua akasema, na moyo ukamruka, maana hakuwa amelitaja jambo hilo kwa mdomo tangu ile siku ya nyama. Akajiambia ni kwa ajili ya kupima mitambo tu. Akamshukuru Engineer Ken, akamtakia kazi njema, akazima simu.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Ken alikuwa amesema "area yako", na ndani ya area hiyo kulikuwa na ploti, na ndani ya ploti kulikuwa na wapangaji na simu zao, zote zikikaribia kuungua. Mbugua akatafuta katoni. Kabla ya chai ya saa nne getini palikuwa na tangazo jipya, ZAMU YA SIMU, LEO MPAKA SAA SABA, WOTE ZIMENI, na mwenyewe alikuwa anapita mlango kwa mlango kuhakikisha.

Alianza nyumbani.

"Zamu ya simu?" Virginia akauliza. "Nani amesema?"

"Engineer."

"Engineer gani?"

"Ken."

"Ken nani?"

"Maengineer hawasemi jina la pili. Mama Becky, zima simu, itaungua."

Virginia akaizima, kwa sababu ameishi na mtu huyu miaka mingi na anajua vita vya kupigana na vya kuacha. Mwanzia, mpangaji aliyekuwa bawabu wa usiku huko Lavington, aliamshwa usingizini ili azime simu ambayo, alipoitafuta chini ya mto, ilikuwa haina chaji tangu jana. Mbugua akamwambia hata hivyo asiichaji.

Aliyemkwamisha ni Shiko, msichana wa saluni kwenye chumba cha mbele, aliyekuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa.

"Landlord, hao ni wakora," Shiko akasema bila hata kugeuka. "Kampuni ikikupigia, si hutumia ile namba yao fupi ya customer care? Hiyo yako si ni namba ya kawaida tu, kama yangu?"

"Labda ofisi iko na namba nyingi."

"Na mbona wewe ndio uzime? Hii mitambo yao inatengenezwa na simu yako? Mzee, wanataka usipatikane. Ukishazima wanapigia watu wako, wanasema umepata ajali, tuma pesa haraka. Walifanyia auntie yangu hapo Kangemi hivyo hivyo."

"Huyu alisema tafadhali."

"Hata yule aliniibia simu yangu ya kwanza alisema tafadhali. Tafadhali madam, hebu nishikie hii mfuko."

Mteja akacheka mpaka Shiko akapoteza mstari wa nywele. Mbugua hakucheka. Alitoka nje polepole, akasimama kando ya mfereji, na jasho likamtoka chini ya sweta katika baridi ile yote. Watu wako, Shiko alisema. Yeye alikuwa amempa Ken mtu mmoja.

Alikuwa na simu mfukoni. Kuiwasha ni kubonyeza kitufe, namba alikuwa nayo kichwani, angesema maneno machache tu: Mungai, ukipigiwa, usiamini. Akaitoa. Akairudisha. Kama Ken alikuwa engineer wa kweli, laini ingeungua. Kama alikuwa mkora, Mbugua angelazimika kumpigia Mungai yeye wa kwanza. Yeye mwenyewe alijiambia anaogopa kuungua kwa laini. Mimi simwamini hata kidogo.

Akaitoa tena, akairudisha tena. Wapangaji walimwona akicheza na mfuko wake namna hiyo, na kwa kuwa walishachoka kukaa bila simu, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mama wa chumba cha nyuma alikuwa anangoja kuitwa kazi ya kufua nguo. Mwanzia usingizi ulikuwa umekata. Shiko akatoka na kitana, mteja nyuma yake na nywele za upande mmoja. Wote wakajikusanya uani, wakimzunguka Mbugua.

"Tuambie basi, kama simu zinaungua, zile za ploti ya jirani mbona zinalia?" Mwanzia akauliza.

"Jirani hana utaratibu!" Mbugua akafoka.

Ndipo geti likalia. Palisimama mtu mfupi aliyevaa koti la kijivu, kofia ameivua na kuishika kifuani, mkono mwingine umebeba chupa ya chai iliyofungwa kwa leso. Alikuwa anahema. Aliwatazama watu wale waliosimama uani, akawatazama mmoja mmoja, na uso wake ukawa umeanguka kabisa. Halafu macho yakamfikia Mbugua aliyekuwa katikati yao, mkono juu, mdomo wazi.

"Uko hai," Mungai akasema.

"Kwani nife?" Mbugua akajibu, na papo hapo akatamani angesema kitu kingine.

Mungai akaiweka chupa chini, juu ya ngazi ya kwanza, akajipangusa macho kwa mkono wa koti. Virginia alitoka jikoni, akamwona shemeji yake, akaweka mkono mdomoni.

"Nilipigiwa na daktari," Mungai akaanza, sauti bado haijatulia. "Anasema umegongwa na lori hapo Waiyaki Way, karibu na Kangemi. Miguu yote imevunjika. Eti hawawezi kukugusa mpaka nitume pesa kwa simu, haraka, sasa hivi. Nikamuuliza, ni yeye amesema mniite? Akasema ndiyo, anakulilia, anasema niitieni ndugu yangu, niitieni ndugu yangu. Hapo nikajua huyu ni mkora."

"Ulijuaje?" Shiko akauliza.

"Huyu?" Mungai akamwelekezea Mbugua kofia. "Anililie mimi? Huyu angetambaa na hiyo miguu imevunjika mpaka hospitali, akatibiwa, akapona, na hajanipigia."

Wapangaji wakaangua kicheko, kwa sababu ilikuwa kweli na walimjua. Ndugu wawili hawakucheka.

"Nikamkatia," Mungai akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nikarudi kuuza. Nikashindwa. Nikapiga simu yako, imezimwa. Ya Mama Becky, imezimwa. Nikajiambia, na je, kama safari hii ameniita kweli? Nikafunga duka. Mama wa hoteli pale chini akanitilia uji kwa chupa yake. Hili koti liko dukani kwa msumari, silivai na siliuzi, nikalitoa kwa sababu hospitali mtu haingii na dastkoti ya kazi. Nimefika kwa emergency ya ile hospitali alisema, nimetafuta kila kitanda. Haukuwa hapo. Nikaja hapa. Nikaona watu wamesimama, nikajua nimechelewa."

Mbugua alitaka kumshika mkono. Alitaka kumwambia pole, na asante. Aliona haya mbele ya wapangaji wake na haya zaidi mbele ya koti lile. Akabaki amesimama.

"Landlord, si nilikwambia?" Shiko akasema, lakini kwa upole.

"Kitu sielewi," Mungai akaendelea, akikunja uso, "ni namba yangu. Hao wakora waliitoa wapi?"

"Hata mimi nashangaa," Virginia akasema, akashika kiuno. "Kwa hii nyumba, simu yenye ilikuwa na namba yako ni ya huyu, na aliifuta tukimwangalia."

Ua mzima ukamgeukia Mbugua. Kulikuwa na majibu mengi ambayo mtu angeweza kutoa, na karani mzee wa stoo anajua kupoteza mzigo kwa maneno. Mbugua akayapima yote. Kisha akayaacha.

"Niliwapatia mimi," akasema. "Waliitisha namba ya mtu wangu wa karibu. Yako tu ndio niko nayo kwa kichwa."

"Si uliifuta?"

"Niliifuta kwa simu."

Mungai aliinama, akafungua leso, akamimina uji kwenye kifuniko cha chupa, akampa ndugu yake.

"Kunywa. Ni wa mgonjwa, lakini utakufaa."

Mbugua akaunywa wote amesimama, mbele ya wapangaji wake, na nadhani hakuna siku nyingine waliyowahi kumwona akitii kitu kisicho na muhuri. Alipomaliza akarudisha kifuniko. Akasafisha koo kama ilivyo desturi yake. Akafungua mdomo, akamtazama Mungai, akaufunga. Neno alilokuwa nalo lilikuwa la mila na halikukubali kutoka uso kwa uso. Basi akatoa simu mfukoni, akaiwasha.

"Landlord, saa saba bado!" Shiko akapaza sauti. "Laini itaungua!"

"Wacha iungue," Mbugua akasema.

Akabonyeza namba moja moja, bila kusita, na ndani ya koti la kijivu simu ikaanza kulia. Mungai akaitoa. Akatazama jina lililoandikwa kwenye kioo, jina ambalo yeye hakuwa amelifuta, na akaacha simu ilie zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Halafu akawapa watu mgongo, akaenda kusimama karibu na geti, akaiweka sikioni.

"Hallo. Nani huyo?"

"Ni Mbugua."

"Mbugua gani?"

"Wa Riruta." Walikuwa wametengana hatua chache tu, kila neno likisikika mara mbili, lakini hakuna aliyethubutu kucheka. "Niko na msichana, Ngina. Wakwe wanakuja Desemba. Siku hiyo mimi nafaa kunyamaza. Natafuta ndugu wa kunisemea."

Mungai akatazama matangazo ya getini, hasa lile kubwa.

"Na Mwalimu Tobias?"

"Mwalimu atakuja kula kama watu wengine."

"Kiingereza mimi sina."

"Hatutaki Kiingereza."

"Na koti ni lile lile."

"Mungai," Mbugua akasema, "ni hilo hilo nataka."

Virginia hakungoja jibu. Aliyekuwa ameapa kutopikia mtu hata kikombe aliingia jikoni akilia na kucheka, akatafuta sufuria kubwa, ile ya wageni, akabandika chai.